Sensa ya Magurudumu

Jumatatu, 3 Machi 1997

Nimerudi kutoka machimboni Geita. Nimepeleka yale yale ya kila wiki: mipira ya maji, sululu, maturubai. Njia ya Masumbwe tope tupu. Asubuhi oili sawa, maji sawa, matairi nimeyapiga teke kama kawaida.

Yaliyonikuta yamenikuta hapa hapa Shinyanga, mbele ya duka. Lami kavu, mwendo wa mtu anayetembea. Nikakanyaga breki taratibu. Pedali ikatetemeka chini ya kiatu, grrr, ikanirudisha mguu juu. Gari halikusimama. Likaenda polepole, kwa adabu kabisa, likaegemea mifuko ya saruji. Mmoja ukapasuka.

Mama Nasrini, mwenye duka na mwenye gari, alikuwa mlangoni. Akautazama mfuko, akanitazama mimi. Nikashuka nikazoa saruji kwa mikono.

Jumatano, 5 Machi

Kwa Fundi Limbu tangu asubuhi. Kafungua magurudumu ya mbele. Pedi nzima. Mafuta ya breki yamejaa. Katoa upepo kwenye mabomba, hakukuwa na upepo. Kuna kidude cheusi chenye waya nyuma ya gurudumu, bisibisi yake ikanasa hapo ikang'ang'ania. Akacheka, akaichomoa, akasema vitu vya umeme yeye hagusi. Basi.

Tukajaribu. Tukikimbia na kufunga breki ghafla, gari linasimama vizuri. Limbu akanipigapiga bega, akasema breki nzima, labda dereva ndiye anahitaji kutolewa upepo. Nilicheka naye. Sikupenda.

Narudi, naingia kituo cha mafuta polepole. Grrr. Nikapampu, kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kama nilivyofanya miaka yote kwenye malori ya pamba Kishapu. Ikawa mbaya zaidi. Nimesimama kiasi cha kiganja kutoka kwenye pampu.

Likikimbia linasimama. Likitambaa halisimami. Gari gani hilo?

Ijumaa, 7 Machi

Mguu wa kulia. Goti hili linaniuma tangu masika ya mwaka jana na sijamwambia mtu ila mke wangu, Mama Shija. Jioni kanichua na mafuta ya moto. Kauliza kama huwa nalisikia wakati wa kufunga breki. Nikasema hapana. Ukweli ni kwamba sijui.

Naogopa kwamba gari ni zima na mimi ndiye mbovu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Nasrini kapanda nimpeleke sokoni. Kashika dashibodi kwa mikono miwili njia nzima, bangili zinagonga. Tuliposhuka akasema:

"Baba Shija, wewe ni mtu wetu. Lakini ikitokea tena, ufunguo nitampa mkwe wangu. Usinielewe vibaya."

Nilimwelewa vizuri. Bila ufunguo ule mimi ni mzee wa kukaa barazani. Mkwe wake hajawahi kulala na gari kwenye tope hata siku moja. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wa Mama Nasrini kapiga simu kutoka Dar es Salaam. Ndiye aliyemletea hili gari. Mama kamweleza, kasikiliza, simu ikakatika. Akanigeukia: "Anasema ni sensa."

"Sensa?"

"Sensa. Ya magurudumu."

Sensa ninayoijua mimi ni ya kuhesabu watu. Karani anakuja, anauliza mmelala wangapi, ng'ombe hawamo. Nimefikiri mchana kutwa. Magurudumu ni manne, yapo. Mwishowe nikaona: nati! Nikahesabu nati za kila gurudumu. La nyuma kushoto imepungua moja. Nikaruka kwa furaha kama mtoto. Nimenunua nyingine, nimekaza zote. Mama Nasrini naye kaafiki, kasema mpwa wake kasoma sana.

Nimekula vizuri leo.

Jumanne, 11 Machi

Grrr. Mbele ya duka, watu wanatazama. Mizani mpya ya misumari chali barabarani.

Mama hakugomba. Bora angegomba. Kasema wachimbaji wanasubiri mipira, niende safari hii, nikirudi nimkabidhi ufunguo.

Nati zote zipo. Sensa imekamilika. Sielewi, sielewi, sielewi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa Masumbwe, mikono bado inanuka oili.

Nimeshusha mzigo machimboni, nikakaa kwenye ndoo kwa Mama Kabula, yule mama anayechenjua mchanga kando ya kijito. Nina uso wa msiba, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia nimefiwa na kazi. Akasema, "Pole, baba," akaendelea na karai lake.

Chini ya karai kunabaki mchanga mweusi mzito, unaificha dhahabu. Mama Kabula ana sumaku ya spika ya redio, kaifunga kwenye mfuko wa plastiki. Anaipitisha juu, mweusi unarukia sumaku, unaota ndevu. Nimeliona hilo mara nyingi tu. Leo nikaikumbuka bisibisi ya Limbu ilivyong'ang'ania.

Kile kidude ni sumaku! Na kila wiki nakipitisha kwenye tope la huku.

Nikapiga jeki pale pale. Gurudumu la kushoto nje, bolti moja, nikakichomoa. Kidude kina ndevu nyeusi tele, kama za mzee Mwarabu. La kulia vile vile. Nikaomba kitambaa nifute. Mama Kabula akanishika mkono.

"Usimwage! Tia humu."

Akanipa kitambaa, akakinga karai, nikafutia humo. Akaosha uchafu wa gari langu, akaugeuza, akauchungulia. Hamna kitu. Akasema gari maskini kama mwenyewe. Tulicheka mpaka wachimbaji wakaja kutazama.

Kutoka pale nimesimama kila penye kisingizio. Taratibu, mwendo wa kutambaa. Pedali kimya. Sithubutu kuamini.

Jumapili, 16 Machi

Nimefika mchana. Duka limefungwa, nikaenda nyumbani kwa Mama Nasrini na ufunguo mkononi, kama tulivyokubaliana. Nikasimulia. Kaona ni hadithi ya dereva. Akampigia mpwa wake, akanipa simu nisimulie tena.

Kijana akasema ndiyo hicho hicho, ndicho kinachoitwa sensa. Gurudumu lina pete yenye meno, kidude kinahesabu meno yakipita. Kikiwa kichafu, gari likitambaa kinakosa hesabu, kinadhani gurudumu limekwama, kinaachia breki. Tena nisipampu gari hili. Nikanyage nibaki nimekanyaga.

Kumbe kweli ni kuhesabu. Nilikosea tu cha kuhesabiwa.

Mama Nasrini hakusema nirudishe wala nibaki nao. Ufunguo nimelala nao mfukoni.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Oili sawa, maji sawa. Nimepangusa vile vidude viwili kwa kitambaa cha Mama Kabula.

Mama Nasrini alikuwa anakwenda Tinde kwenye msiba. Mkwe wake yupo, kakaa dukani anakunywa chai. Mama kampita, kaja kwenye gari, kafungua mlango, kapanda. Mbuzi walivuka karibu na Tinde, nikakanyaga nikabaki nimekanyaga. Tukasimama.

Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Mikono yake haikuwa kwenye dashibodi, alikuwa anafunga vizuri ushungi.

Goti linauma leo. Mama Shija anachemsha mafuta.