Diski ya Dada

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Mgongo unaendeleaje, na wanao hawajambo? Mwambie shemeji kwamba ile dawa ya kuchua niliyompa si ya kunusa, aache mchezo. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Wodi ina wagonjwa thelathini na wauguzi wanne, na kila jambo lisilo na mwenyewe huishia mezani kwangu. Utashangaa naandika barua na simu ipo. Kwenye simu ningekata njiani.

Ile diski yenye utafiti wako wa uchovu wa wauguzi wa zamu nimeipata. Ilikuwa ndani ya kompyuta yako ya zamani, chini ya kitanda cha marehemu mama. Kompyuta yenyewe ilishakata roho, hata taa haiwaki. Nikaichomoa diski kwa bisibisi ya cherehani, nikaifunga kwenye taulo na kwenda nayo kazini.

Tuna fundi wa kompyuta tunayemwita Kesho, kwa sababu hajawahi kufika siku anayoitwa. Safari hii alikuja. Aliiunganisha kwa waya kwenye kompyuta ya ofisini kwangu, haikuiona kabisa. Ile ya stoo ya dawa iliuliza kama tunataka kufuta kila kitu ianze upya, na kidole cha Kesho kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Nilimshika kiwiko. Ya tatu, ya mapokezi, ilituonyesha mafaili yako yote yamejipanga, lakini kila tulilobonyeza lilikataa. Iliandika kwamba sina ruhusa.

Kesho alinieleza kuwa hakuna kilichoharibika. Diski bado inakumbuka kuwa mwenyewe ni wewe, na kompyuta hii ngeni haikujui. Njia iliyobaki, alisema, ni kuiambia kuwa tangu leo mwenyewe ni mimi. Akaandika jina langu, akaniambia nibonyeze ndiyo. Nilikitazama kile kitufe mpaka akaniuliza kama naumwa.

Nilibonyeza. Ilichukua mchana kutwa, faili moja moja, nami nazunguka vitandani na kurudi kuchungulia. Yote yamo, dada. Mahojiano ya wauguzi sitini na wawili yamo, na majedwali, na sura tatu ulizomaliza kabla mama hajapata kiharusi, ukaacha chuo ili mimi nisiache shule. Chuo kilichokubali urudi kimekupa hadi mwisho wa mwezi kuukabidhi, na imebaki sura moja tu. Ningeweza kuishia hapa ukafurahi.

Lakini roho inanisuta. Mwaka wangu wa mwisho chuoni, siku ya kukabidhi utafiti ilinikuta mikono mitupu. Kompyuta yako ilikuwa bado inawaka. Nilichukua sura zako zote tatu, nikabadili mwaka na jina, nikaunga ya nne ya kubahatisha, na nikapata alama za juu kuliko wenzangu wote. Uliwahi kusema hujui akili zile nilizitoa wapi. Nilizitoa kwako. Kazi yako imo kwenye maktaba ya chuo kile kile kwa jina langu, na siku hizi kila utafiti hupitishwa kwenye mashine inayolinganisha maandishi. Ukiipeleka, watasema wewe ndiye umeiba kwa mdogo wako.

Nilijiambia kuwa ulishaiacha, kuwa sisi ni damu moja. Juzi nusura nikupigie nikudanganye kuwa diski imekufa. Naona aibu, dada. Niwie radhi, lakini usijilazimishe.

Kesho alinifundisha jambo moja bila kujua. Nilipomwomba anakili, alisema nakala huonyesha kuwa imeundwa siku iliponakiliwa; tarehe zako za kweli ziko kwenye diski yenyewe. Zimezitangulia zangu kwa miaka minne. Kwa hiyo nakutumia diski. Usiifungue popote, ipeleke chuoni waitazame wao. Tatizo ni kwamba jina la mwenyewe sasa linasomeka langu, na Kesho anasema hawezi kulirudisha. Bila maelezo yangu, hata diski itakukana.

Maelezo hayo nimeyapeleka leo asubuhi kwa mkuu wa chuo, na mengine kwa mganga mkuu wa hospitali. Nakala zote mbili zimo humu, zina sahihi yangu. Nimeshamwonyesha mwenzangu funguo za kabati la dawa zinakaa wapi, na nani kati ya wagonjwa anaficha vidonge chini ya ulimi.

Anayekuletea mzigo huu ni dereva wetu wa gari la wagonjwa. Mpe maji, ametoka mbali. Wasalimie watoto, lakini usiwaambie bado. Nitakuja kuwaambia mwenyewe, ukiniruhusu kuingia kwako. Na sura ya nne usinakili yangu, ni ya uongo mtupu. Andika yako.

Ni mimi mdogo wako,
muuguzi mpaka watakapoamua vingine.