Ng'ombe Niliowaandika Kwenye Fomu ya Benki

Jumatano, Makanyagio, hapa Mpanda. Mvua haijakata tangu asubuhi, na mimi niko ndani na samansi mkononi.

Mimi niliyemfukuza fisi kwa kofia! Wapwa zangu mnaosoma humu habari hiyo mnaijua, na chumvi sijaongeza, yule fisi alikuwa mkubwa kama punda. Sasa karatasi moja yenye muhuri imenikalisha kwenye kigoda.

Benki imenishtaki. Ni ile kadi ya mkopo niliyokuwa naichomoa dukani kama askari na bastola, watu wanasema huyu mzee ana hela. Nikavalisha ukoo mzima sikukuu. Nikaleta televisheni kubwa kuliko dirisha. Kulipa sikulipa, na sasa mahakama inataka nijibu kwa maandishi.

Kuandika naweza. Niliishia darasa la sita, lakini walimu walikuwa wanaitana waje kuuona mwandiko wangu.

Shida ni wale ng'ombe.

Kwenye fomu ya kadi niliandika nina ng'ombe arobaini. Wapo, wanalala zizini kwangu kule Mishamo. Ila ni wa dada yangu Kabula. Sisi Wasukuma, mtu akiwa na ng'ombe wengi anampa ndugu awatunze. Unakunywa maziwa, unalimia maksai, na mwenyewe hatangazi kokote. Basi mimi nikatangaza kuwa ni wangu.

Nikijibu ni wangu, wanakuja kuwakamata. Nikijibu si wangu, niliidanganya benki, na Mpanda nzima itajua.

Jana nilimpigia Kabula. Nikaanza kuzungukazunguka na habari za mvua.

"Kaka, ng'ombe wangu wana nini?"

Nikamweleza.

"Hao ni wa kuolea wanangu," akasema. "Kama ni kukamata, waambie wakakamate sifa zako. Hizo unazo nyingi."

Akakata simu. Sikulala vizuri.

Sasa hivi nimeandika: Ng'ombe walioko kwangu wote ni wa dada yangu. Mimi sina hata mmoja.

Nikasoma kwa sauti nisikie kama inaeleweka, mama watoto akatoka jikoni na mwiko.

"Huna hata mmoja?"

Miaka yote hiyo, na yeye aliamini.

Jibu la mahakama nitalipeleka kesho. Huyu amesimama hapa mlangoni, anataka lake sasa hivi.