Programu Nisiyoiweka Mimi

Mama mzazi,

Jambo sana kutoka Rumonge. Je, goti limetulia? Kuku wamepona ule ugonjwa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa.

Utashangaa kuona mwandiko wa kalamu, mbaya kama wa mtoto wa darasa la pili, wakati barua zangu zote nilizipiga kwenye kompyuta ya sekretaria yangu, kiduka changu cha kuchapia watu barua. Kompyuta hiyo ililetwa na Janvier, mchumba wangu. Simu pia alininunulia yeye, ndiyo maana sikupigi. Nilimshukuru mpaka kanisani, mbele ya kwaya nzima.

Unakumbuka nilivyolalamika kwamba Mama Riziki, mchuuzi wa mawese anayekuletea barua akivuka ziwa kuja Baraka, anazifungua? Janvier alikuwa anajua mambo niliyokuandikia wewe peke yako: kwamba namwogopa mama yake, kwamba nikiolewa nataka kuendelea na kazi. Aliyasema kwa kucheka, kama mtu aliyeota. Mimi nikaanza kuziba bahasha kwa bugali na kumnunia mama wa watu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta ndani ya mtumbwi!

Wiki hii kompyuta ikawa nzito, wateja wakaanza kunung'unika. Nikasema nipunguze michezo ambayo watu wameijaza. Nikaingia kwenye mipangilio, pale zinapoonekana programu zote zilizowekwa, nikazipanga kwa tarehe na kuanza kufuta. Chini kabisa nikakuta moja nisiyoijua, imewekwa siku ile ile Janvier alipoleta mashine. Nikasoma maelezo yake ya Kifaransa: inakusanya kila herufi inayopigwa na kumpelekea mtu kwenye simu yake.

Sikuifuta. Nilikwisha kumsingizia mtu mmoja, sikutaka kumsingizia wa pili. Nikafungua ukurasa mpya nikaandika: "Mama, sitaki tena kuolewa na Janvier." Kisha nikayafuta maneno yote, sikuchapa karatasi yoyote, nikabandika chai.

Chai haijachemka, pikipiki ya Janvier ikasimama mlangoni.

"Kwa nini unaandikia mama yako vile?"

"Vile namna gani? Karatasi iko wapi?"

Akatazama mezani, hakuna karatasi, akajua amenaswa.

"Chérie, nilikuwa nakuchunga tu. Mutu anachunga kitu yake."

"Mimi iko kitu?"

"Dot yote ile ya kukuoa nani anatafuta? Niko na haki ya kujua."

Hakuomba hata msamaha. Nimelia kwa hasira, Mama. Yale niliyokunong'oneza wewe, hata yale niliyoyaandika nikaona aibu nikayafuta, yeye alikuwa ameyasoma, kisha Jumapili ananishikia kitabu cha nyimbo.

Maneno yale niliyaandika kama mtego tu. Pikipiki ilipoondoka, nikaona yamekuwa kweli. Nikarudi kwenye ile programu, nikabonyeza kuiondoa. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Katika habari hii yote ya ndoa, hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo. Nikabonyeza ndiyo.

Mama Riziki nimemwendea na kumwomba msamaha. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mutoto wangu, mimi kusoma sijui. Ningefungua nione nini?" Ndiye anayekuletea hii, mpe chakula.

Nisalimie dada Neema na wanawe, na shangazi anayeshona sare za harusi. Mwambie pole, asikate kitambaa kingine. Baba mdogo, msemaji wetu wa mahari, msomee barua hii polepole, maana najua atapiga kelele. Janvier nimekwisha kumwambia ndoa haipo; wazee wake wakivuka kabla hajawaambia, wapokeeni vizuri, wapeni bugali na samaki, hawana kosa. Lakini mbuzi wao wasishushwe mtumbwini.

Mimi mwanao,
Furaha