Jiko Nililomvunjia Mama Kemi

Isingiro, Jumapili, katikati ya Agosti 1989

Leo ni vumbi tupu. Kiangazi kimekausha hata migomba ya bondeni, na upepo ulioanza asubuhi unarusha majani makavu mpaka sebuleni. Sikwenda kanisani. Nilimwambia mke wangu kichwa kinaniuma, naye hakuuliza zaidi.

Kichwa hakiumi.

Naandika kwenye daftari langu la vipimo kwa sababu sina mtu wa kumwambia haya. Mimi ni fundi mwashi, na kurasa za mbele humu zimejaa urefu na upana wa majiko ya watu. Ya wageni, hasa. Tangu vita viishe miaka kumi iliyopita kazi haijanipungukia, na kila mgeni niliyemjengea alitaka jiko la kwao.

Daktari mmoja kutoka Denmark alitaka dirisha kubwa juu ya sinki, ili mkewe aone bustani akiosha vyombo. Kuta nyeupe kabisa, utadhani humo hakitapikwa kitu. Masista wa Kiitaliano walitaka tanuri la mkate la matofali ya kuchoma, lenye bomba refu la moshi, na meza ya saruji ambayo niliisugua siku mbili mpaka ikateleza kama sabuni. Mhindi mwenye duka yeye alinikataza nisipandishe kitu. Mama yake husaga viungo akiwa amekaa chini, kwa hiyo rafu zote ziishie pale unapofika mkono wa mtu aliyekaa. Nilimcheka Mhindi yule kimoyomoyo. Nikaona ana duka lakini maendeleo hana.

Sasa simcheki.

Nyumbani kwangu mke wangu alipikia kwenye kibanda cha miti na udongo, paa la nyasi. Nilikijenga mwaka tuliooana, kabla hata ya nyumba yenyewe. Mara tatu aliniomba nimtobolee njia ya moshi. Mara tatu nikasema kiangazi kijacho. Miaka ishirini na miwili imepita, na mimi huyo natembea na pima maji begani kwenda kutengeneza majiko ya wenzangu.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yakiisha, macho yake yakazima. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata. Hospitalini tuliambiwa ni presha ya macho, na kwamba hayatarudi. Daktari hakutaja moshi. Moshi niliutaja mimi, moyoni, njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mwezi uliopita binti yetu Kemi, aliyeolewa Nyakatuntu, alikuja kumchukua mama yake akapumzike kwake wiki tatu. Hapo ndipo akili yangu ilipochemka. Nikasema nitamshangaza.

Nilikibomoa kibanda asubuhi moja tu. Miti na vikorokoro vya ndani nikavichoma. Vyungu vyenye masizi nikavipasua. Mafiga yake matatu nikayazika kwenye msingi mpya, maana mawe yalikuwa mazuri. Nikachukua dirisha la Mdenmark, nikachukua meza na bomba la moshi la masista, nikapaka chokaa ndani na nje. Watu walikuja kutazama. Fundi mmoja wa Bugomora alikuja na kamba yake kupima dirisha, akaniuliza maswali, nikamjibu kwa madaha. Nilijiona mume.

Alirudi Jumatano. Nilimshika mkono nikamwingiza, nikamtembeza ukutani, nikamwekea viganja juu ya meza ile aisikie ilivyo laini. Akaondoa mikono. Halafu akauliza mlango uko upande gani.

Nikamwonyesha. Akasema, "Asante, Baba Kemi. Ni pazuri."

Alhamisi nilipita dirishani nikamwona amesimama katikati ya lile jiko, mikono mbele, hagusi kitu. Hakuwa akilia. Alisimama tu, kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu akakuta wenyewe hawapo. Nilijiambia atazoea. Nikaenda zangu kupalilia kahawa.

Ijumaa, Mama Mukamana, jirani yetu ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, alinifuata shambani. Huyu na mke wangu humenya ndizi pamoja karibu kila siku. Alinipa shikamoo yake, akasimama akichezea ncha ya khanga.

"Baba Kemi, usikasirike waitu, ndugu yetu," akasema. "Macho yalipoisha huyu mama hakuacha kupika. Nilikuwa nakaa naye pale mlangoni nikimtazama. Anamenya, anachochea moto, ananyoosha mkono anachukua chumvi bila kupapasa. Mle ndani hakuwa kipofu."

Akajifunga khanga yake, akarudi njia aliyojia.

Nilipandisha nyumbani. Wiki zote zile kabla Kemi hajamchukua, nilikuwa nakula chakula cha mke wangu na kukisifu, na sikujiuliza hata mara moja kinapikwaje. Mimi kazi yangu ni kutazama vyumba. Chumba kimoja tu kilichobaki ambacho mke wangu alikuwa akikiona, nimekivunja kwa mikono yangu na kuwaita watu waje wanisifu.

Jana jioni aliniambia yeye mwenyewe. Alisema kwa Kinyambo, taratibu, bila kunisimanga. Alisema nimrudishie jiko lake.

Nikasema ndiyo. Nikaona kazi ndogo. Nitajenga kingine pembeni, cha miti na udongo, vilevile kilivyokuwa.

Leo alfajiri nikachukua futi na vigingi nikatoka uani. Nikasimama. Nikangoja mkono uanze wenyewe kama siku zote.

Hakuna kilichokuja.

Sinki la Mdenmark naweza kukutajia kimo chake hata nikiwa na homa. Tanuri la masista nalijua kila tofali. Lakini mtungi wa maji wa mke wangu ulikaa kushoto au kulia kwa moto? Kuni alizipanga wapi? Chumvi ilikuwa juu ya uchaga au chini? Kwetu mwanamume mzima haketi jikoni. Nilikuwa nafika mlangoni, nauliza kama chakula tayari, nageuka. Nilikwenda kumwuliza Mama Mukamana, akacheka kwa huruma, akasema yeye alikuwa mgeni mle, mwenyewe ndiye anayejua.

Ndipo nikamdanganya mke wangu kuhusu kichwa, nisiende kanisani kupewa mikono ya pongezi na watu.

Mchana nikamwambia ukweli kwamba sikumbuki. Hakushangaa. Alinishika bega tukaenda pale uani, nikamtandikia nyasi, akaketi, akakunja miguu upande kama anavyoketi akipika. Kisha akanyoosha mkono.

"Hapa chumvi." Nikapigilia kigingi. "Hapa mtungi." Nikapigilia. Mafiga, kuni, kisu cha ndizi, kinu. Mkono ulikuwa unakwenda moja kwa moja na kusimama hewani, haurudi wala haubahatishi. Nikamwuliza kama safari hii nimtobolee njia ya moshi. Akasema, "Sasa haidhuru," akaendelea.

Mwisho mkono wa kushoto ukashuka, ukatua kwenye nyasi karibu na goti lake, ukabaki hapo. Nikauliza hapo palikuwa na nini.

"Kigoda chako."

Sikuelewa. Akasema, "Mwaka ule wa kwanza ulikuwa unakaa hapa. Nyumba ilikuwa haijaisha. Ulipohamia sebuleni sikukiondoa. Nilikuwa nakifuta masizi kila Jumamosi."

Nakikumbuka kigoda hicho. Nilikipasua kwa shoka siku ile ya kubomoa. Nilishangaa hata, kwamba kitu cha zamani vile hakijachakaa, halafu nikakitupa motoni pamoja na vingine.

Nikapigilia kigingi hapo pia. Kigingi kikaingia upande. Nililia, na najua alinisikia, maana aligeuza uso. Hakuondoa mkono wake.

Kesho nachimba mashimo ya nguzo. Kigoda nitakichonga mimi. Jiko likikamilika nitaingia na kuketi, watu waseme watakavyo, na sijui nitaanza na neno gani kwa mwanamke aliyeningoja miaka ishirini na mmoja, hatua kumi tu kutoka kwenye kiti changu cha sebuleni.