Wachimba Mahandaki wa Roland Tolliver

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Harbeck, Derbyshire
Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024

Jina: Glenys Tolliver
Umri: Miaka 69
Kazi: Mpishi mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Nyumba namba 14, Mtaa wa Quarry, Harbeck

Nasema mbele ya Konstebo Imogen Raistrick, kwa akili zangu timamu, bila kushurutishwa na mtu.

Mimi ndiye niliyepiga simu polisi jana. Neville Stubbins amelala mahabusu kwa sababu yangu. Nimeambiwa kwamba akishtakiwa kwa wizi hataruhusiwa tena kuingia mashuleni kutandika mazulia, na kazi yake ni hiyo, hana nyingine. Konstebo amenitaka nieleze tangu mwanzo, niliyoyaona na niliyoyafikiri. Nitaeleza, ingawa mengine ni ya kunitia aibu.

Mume wangu ni Roland Tolliver, miaka 73. Jeshini alikuwa mhandisi, mjenga madaraja. Tangu astaafu, kazi yake ni kuunganisha na kupaka rangi vijisanamu vya askari wa vita vya zamani, vile wanavyochezea mchezo wa vita mezani. Yeye hutengeneza wahandisi tu. Majenerali na wapanda farasi hataki hata kuwasikia. Husema, "Hao farasi wao wanavuka juu ya daraja la nani?" Kijisanamu hakizidi kidole gumba, na huja vipande vipande: mwili huku, mikono kule, koleo peke yake. Anakwangua, anagundisha, anapuliza rangi ya msingi, ndipo anashika brashi na kupaka koti, vifungo, mpaka jicho. Mwaka huu alikuwa na kikosi cha wachimba mahandaki wa Kiingereza, wenye makoti ya buluu, waliozingira ngome ya Badajoz, huko Hispania, mwaka 1812. Vilikuwa vya madini ya risasi, vya zamani, ambavyo havitengenezwi tena. Kikosi kilitakiwa kuingia mchezoni jana, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya chama kizima cha wachezaji wa mchezo huo.

Neville ni mwanachama mwenzake. Zamani alikuja kwetu mara moja kwa mwezi. Tangu mwezi Juni akaanza kuja kila Alhamisi saa nane mchana, na mfuko mgongoni. Nikitaka kumpokea mfuko anaukumbatia. "Usihangaike, shemeji, mzigo wa punda abebe punda." Haya. Mtu anakuja kunywa chai, mfuko wa nini?

Siku moja mwezi Septemba nilikuwa naosha vyombo. Dirisha la jikoni linatazamana na kibanda cha Roland bustanini. Nikamsikia Neville akisema, "Rolly, hebu kailete ile ramani ya ngome." Mume wangu akaja ndani, anapapasa ukuta. Kugeuka, namwona Neville ameinamia kisanduku cha vijisanamu, mkono unaingia kisandukuni, unatoka, unaingia mfukoni. Machale yakanicheza.

Usiku huo nikamwuliza Roland, "Huyu Neville anafuata nini hapa kila wiki?"

"Anafuata biskuti zako."

"Biskuti zangu hazijawahi kupendwa hivyo, hata na wewe."

Akacheka, akabadilisha mazungumzo. Nikasema moyoni, mume wangu ni mwema mno, anaibiwa huku anacheka.

Lazima niseme pia kwamba nilijua macho ya Roland yamepungua. Aliacha kuendesha gari mwezi Mei. Lakini kila Alhamisi, Neville akishaondoka, nikienda kutoa vikombe kibandani nilikuwa nachungulia kisandukuni, naona vifungo vimekaa, nyusi zimekaa, nikajiambia, mtu anayepaka hivi haoni vibaya kiasi hicho. Miadi ya daktari wa macho tukaiahirisha, tena mimi ndiye niliyepiga simu kuiahirisha. Hilo linaniuma kuliko yote.

Mnamo Jumatano iliyopita, Roland akiwa bafuni, niliingia kibandani na rangi yangu nyekundu ya kucha. Nikachukua vijisanamu vitatu vilivyokuwa vimekwisha siku hiyo, nikavipindua, nikavitia alama chini ya kitako wanachosimamia. Miwani nilikuwa nimeiacha jikoni. Sikuvitazama usoni, nilikuwa namtafuta mwizi. Alhamisi Neville akaja, akanywa chai, akaenda zake. Nikakimbilia kibandani. Idadi ile ile, ila alama yangu haipo hata kwenye kimoja. Nikakinyanyua kimoja, chepesi. Nikakitia menoni. Plastiki! Makubwa! Nikaona nimeshamkamata: anachukua vya risasi akauze, anatuachia vya plastiki, na mzee wa watu haoni.

Roland sikumwambia kitu. Nilitaka Neville aumbuke mbele ya watu.

Jana saa nne asubuhi tulifika ukumbini. Meza ilikuwa imeshatandikwa, ngome imesimama, na kikosi cha Roland kiko mbele kabisa na ngazi zake. Watu walikuwa wanakula mikate na nyama ya nguruwe na kumpongeza mume wangu. Neville alikuwa amesimama pembeni, mfuko wake uko miguuni.

Nikamwambia, "Neville, fungua huo mfuko."

"Shemeji, tafadhali. Si hapa."

"Si hapa, wapi? Au kwa vile ni ukumbi wa kanisa, unaona haya leo?"

Mmoja akacheka akidhani ni utani. Nikauvuta mfuko mwenyewe. Ndani mlikuwa na kopo la peremende, na ndani ya kopo vijisanamu vimeviringishwa kwenye soksi. Nikapindua cha kwanza: alama nyekundu. Nikakiinua juu watu waione. Nilifurahi, sitaficha, nilifurahi kweli.

Roland alikuwa upande wa pili wa meza, ameshika ukuta wa ngome. Anauliza, "Kuna nini? Glenys, kuna nini hapo?" Neville akamtazama Roland, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Nimeiba. Ita polisi." Basi. Hakujitetea, hakuomba radhi, na nasikia humu ndani pia hajafungua mdomo tena.

Leo asubuhi saa tatu nilikuja kituoni kuvitambua vijisanamu. Konstebo Raistrick akavipanga juu ya karatasi nyeupe, chini ya taa, na mimi nimevaa miwani. Mchimbaji wa kwanza jicho lake liko shavuni. Wa pili buluu ya koti imemwagika mpaka mikononi na kwenye koleo. Wa tatu uso wake hauna kitu. Nikamgeuza. Pua, macho na mdomo vilikuwa vimepakwa nyuma, kwenye mkoba wa mgongoni.

Nilimwuliza Konstebo kama ana hakika ni vyenyewe. Akanionyesha alama yangu. Nikaomba kiti.

Ndivyo mume wangu anavyopaka sasa. Vile vilivyonyooka, nilivyokuwa navisifia miezi yote hiyo, ni vya Neville. Alikuwa anavipaka kwake, anavibadilisha kimya kimya, na vibovu anaenda kuvificha.

Nilirudi nyumbani nimeshapanga uongo wa kumwambia Roland. Nikamkuta kibandani ameshika kimoja kiganjani. Nikaanza, "Polisi wanasema kwamba..."

"Ni cha plastiki, Glenys," akasema. "Risasi asubuhi ya Novemba inauma vidole. Hivi havina baridi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu alipoleta cha kwanza, kwa wepesi wake tu."

"Roland! Na ukanyamaza?"

"Ningesema, angeona haya, asingekuja tena. Alhamisi ningekaa na nani? Na wewe na biskuti zako?" Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. "Najua navipaka vibaya. Lakini navipaka. Siku Neville akijua kwamba najua, itabidi niweke brashi chini. Usinifanyie hivyo, mke wangu."

Nimekuja tena kufuta malalamiko yangu. Neville Stubbins hakuiba kitu. Watu wa chama nitawaambia mwenyewe kwamba nilikosea, wanicheke wanavyotaka. Naomba aachiwe leo, na naomba asiambiwe kwamba mume wangu anajua. Alhamisi nitamfungulia mlango mimi mwenyewe, na mfuko wake sitautazama.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimesomewa, na ni maneno yangu.

(Sahihi) G. Tolliver

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Bw. Roland Tolliver, mwenye mali, amethibitisha kwa simu kwamba hadai kitu. Mtuhumiwa ameachiwa saa nane na nusu mchana na kurudishiwa mfuko, kopo na vijisanamu. Nilimweleza kwamba mlalamikaji alikosea. Aliuliza jambo moja tu, kama Bw. Tolliver ana habari yoyote ya vijisanamu kubadilishwa. Nilimjibu hana.

(Sahihi) Konstebo I. Raistrick