Vifuniko Kwenye Kabati la Vioo

Jumatatu, 3 Machi

Mama kanikasirikia tena. Aliniita kutoka jikoni, sikuitika, akaja kunisimamia mlangoni. Hivi siku hizi nimekuwa mkubwa kiasi kwamba siitwi? Nikamwambia sikusikia. Akasema kiburi.

Kiburi — mimi!

Nimeshinda karakana ya chuo nakata mabomba kwa grinda. Nimerudi na ule mluzi masikioni, mwembamba, kama mbu aliyenasa ndani akakosa pa kutokea. Mwaka jana, nikilala, asubuhi naukuta umeondoka. Siku hizi ndio unaoniamsha.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza mwalimu wa karakana. Kasema masikio ya fundi chuma lazima yazoee. Yeye kaanza kugonga bati sisi hatujazaliwa, na yuko mzima kabisa. Alisema haya kwa kupiga kelele, na mimi nimesimama kwapani mwake, mashine zote zimezimwa.

Sindano, tunayefanya naye kazi meza moja, alijiziba mdomo asicheke. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja nesi wa kutupima usikivu. Mkuu wa chuo kampa chumba gani? Stoo iliyopakana na karakana. Upande huu tunapimwa masikio, upande wa pili watu wanatwanga bati. Ungedhani ni mzaha.

Nesi hakuona mzaha. Alitoka, akaingia karakana, akasimama mbele ya swichi kuu, akasema hapimi mtu hapa mpaka pazimwe. Sindano, aliyekuwa karibu nao, kanisimulia: Mkuu akalalamika vipindi vinapotea. Nesi akamjibu kwa upole: "Vinavyopotea hapa ni vingi, Mkuu."

Pakazimwa.

Zamu yangu ilipofika nilivishwa hedifoni, nikapewa kitufe. Nikisikia mlio, nibonyeze. Ile minene niliisikia vizuri. Kisha kimya. Nikasubiri. Nikadhani mashine imeharibika, nikageuka kumtazama nesi ili nimwambie.

Mkono wake ulikuwa bado unabonyeza mashine, milio inaendelea.

Alinieleza bila kunificha. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo vinavyopokea sauti. Kelele inavilaza, kama majani yanavyolala yakikanyagwa. Ukipumzika, vinainuka. Ukikanyaga kila siku, iko siku haviinuki. Nikamuuliza dawa. Kasema kilichokwenda hakirudi, lakini kilichobaki kinalindika: kuvaa vifuniko vya masikio, kusogea mbali na mashine isiyo yako, kuyapa masikio mapumziko, kupimwa kila mwaka. Na kipimo cha kwanza kilitakiwa kifanyike kabla sijagusa grinda.

Siku najiunga walinipima kiuno, kwa ajili ya ovaroli. Masikio hakuna aliyeyauliza.

Sindano naye yake yameshaguswa. Wengine pia. Watoto wa watu!

Ijumaa, 7 Machi

Sindano katumwa kubeba viti ofisini kwa Mkuu, karudi macho yamemtoka. Eti vifuniko vipo. Nikasema hebu. Nikaenda mwenyewe, nikijifanya naulizia ratiba ya mitihani.

Vipo. Kwenye kabati la vioo, vya njano, vimepangwa vizuri karibu na kikombe cha mpira wa miguu. Vingine bado vimo kwenye nailoni zake.

Nikamuuliza sekretari, dada, vile ni vya nani? Kajibu bila kuinua kichwa: vya ukaguzi. Wakaguzi wakija mnavaa, wakiondoka tunarudisha, visichafuke.

Visichafuke.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka jana tulivaa asubuhi moja, wakaja watu wa tai, tukapigwa picha. Mchana vikakusanywa. Nilidhani chuo kimeviazima mahali. Kumbe vyetu! Vimeletwa kwa ajili ya masikio yetu, vikafungiwa visipate vumbi, na sisi tukaachwa tuoze masikio. Nimetoka pale mbio, nusura niteleze ngazini.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mama. Alikuwa anashona gauni la mteja, akasimamisha cherehani. Akapita nyuma yangu, nikajua anatafuta uzi. Nikakaa. Nikaona anachelewa, nikageuka.

Amesimama tu, machozi yanamtoka.

"Nimekuwa nakuita, mwanangu," akasema.

Kisha akapangusa uso, akageuka moto. Chuo basi. Ufundi wa chuma basi. Atanifundisha kushona. Tukagombana kweli. Nimwachie nani nafasi yangu? Darasa zima hakuna anayechomelea kwa mshono safi kama wangu, mwalimu mwenyewe huwaonyesha wenzangu. Aondoke aliyefunga kabati, si mimi.

Mama akarudi kwenye cherehani, akamaliza pindo. Mwisho akasema: basi nenda, ila usiguse mashine yoyote mpaka uvishwe.

Jumatatu, 10 Machi

Sikuwasha grinda. Mwalimu kauliza kulikoni. Nikamwambia nasubiri vifuniko vilivyo ofisini kwa Mkuu. Sindano naye akaweka nyundo chini. Halafu meza ya pili. Halafu wote. Sikutegemea wote.

Mwalimu kafoka, kesho msije! Kisha akaniita pembeni, akaniuliza kitu alichodhani ni siri, karakana nzima ikasikia: yule nesi, na walimu anawapima?

Hakuna aliyecheka. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akaenda kukaa juu ya fuawe, kile chuma tunachogongea bati, mgongo kwetu.

Kaitwa Mkuu. Tumekaa sote sakafuni; naandika haya, daftari magotini.

Mkuu kafika. Yuko mlangoni, mikono nyuma. Anasema. Yeye huwa hapazi sauti hata akiwa na hasira. Naona midomo tu. Napata mwanzo wa neno, mwisho sipati. Napata "leo". Katikati hakuna kitu.

Wenzangu wameanza kuinuka, mmoja mmoja. Sindano kainuka. Kanipa kisogo, uso wake siuoni. Sijui wanainuka kwa kuwa tumeshinda au kwa kuwa tumefukuzwa.

Mimi bado nimekaa.