Mfuniko Mbovu wa Kila Ijumaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana mwanzoni utadhani nimekosea dawati na barua hii ilipaswa kwenda kwa wanaoandika habari za magari.

Mimi ni mgane wa miaka sitini na minne, mstaafu, nilikuwa msoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja, nikibisha hodi nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulikuwa na mtu wa kunijibu, hata yule aliyefungua kwa hofu ya kukatiwa maji alinisalimu kwanza. Sasa naishi peke yangu kwenye vyumba vitatu, binti yangu yuko mbali na hupiga simu Jumapili, huniuliza kama nimekula, namwambia nimekula, tunaagana, na kuna wiki hayo ndiyo maneno yote niliyosema nikiwa ndani ya nyumba yangu.

Mwaka jana gari langu dogo lilianza kuchemsha, kila nikipanda mlima wa kwenda sokoni mshale wa joto ulipanda nao, nikalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, rika langu, ambaye karakana yake ina benchi la mbao kando ya mlango. Akanambia nikae wakati injini inapoa, maana rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, haifunguliwi ikiwa ya moto, na katika kungoja huko tukazungumza saa mbili nzima, habari za magoti, habari za marehemu mke wangu, habari za mabomba ya zamani yaliyokuwa hayapasuki, kisha akagundua kwamba mpira wa ndani ya mfuniko wa rejeta umekufa, akaweka mfuniko mpya na ule mbovu akanirudishia mkononi, kwa sababu ni desturi yake kumrudishia mteja kifaa kilichotolewa ili asije akasema ameibiwa.

Gari likapona, na wiki tatu hakuna aliyeniambia nikae.

Ijumaa ya wiki ya nne nilitoka nje na ule mfuniko mbovu, nimeusugua mpaka unang'aa kama mwenzake, nikaufunga, nao mpya nikauweka kwenye droo ya vijiko, na kesho yake nikapanda mlima na gari likachemsha kama nilivyotaka. Nimefanya hivyo Jumamosi tisa, na kila nikirudi nyumbani narudisha mfuniko mzima ili wiki yote gari liwe salama. Pale karakana wameshanipa jina, Bwana Mita, na gari wanaliita Birika, nikikata kona tu utasikia mtu anasema birika limefika, na mimi nacheka nao, na usiniulize jinsi ninavyoingoja kona hiyo tangu Jumatatu.

Lakini fundi hacheki tena. Ametoa thamostati, kile kilango kinachopitisha maji injini ikipata moto, akaichemsha kwenye sufuria tuione ikifunguka, ikafunguka, amebadilisha pampu ya maji bila kunilipisha, amesafisha rejeta, amekagua feni na mikanda, ameangalia kama mafuta ya injini yamechanganyika na maji, hayajachanganyika, na kila mara anakuta maji yamepungua wala haoni yanakovujia. Aliwahi kunitania kwamba gari gani hili linaugua wikiendi tu, lingekuwa mtu angesema linakunywa. Jumamosi iliyopita mwenye lori mmoja alisema mbele ya watu kwamba kama birika limemshinda mzee, lori ataliwezaje, akaondoka na lori lake. Fundi alifuta mikono, akaja kukaa nami benchini, akasema si Jumatatu hii bali ile inayofuata atafungua silinda hedi, kichwa chenyewe cha injini, kwa gharama yake, kwa kuwa hakubaki na mahali pengine pa kutafuta. Kisha akaniambia hivi:

"Bwana Mita, nikilikosa na hapo, naweka spana chini. Mikono imeanza kunidanganya."

Nilitaka kusema, mshauri, na mdomo niliufungua, nikamuuliza kama kuna chai. Nikimwambia ukweli atanifukuza, na sina benchi jingine. Nisipomwambia ataacha kazi yake kwa uongo wangu. Nifanye nini?

Bwana Mita


Bwana Mita,

Fundi wa magari ya ofisi yetu nilimsomea barua yako, nikaficha sehemu ya droo ya vijiko. Alinikatisha: gari linapoteza maji, halivuji, pampu nzima, feni nzima, basi angalia mfuniko, kwa sababu mfuniko usioshika mgandamizo huyaachia maji yachemke mapema na kumwagika. Nikamuuliza mbona fundi wako hakuuona. Akasema, "Aliuweka yeye mwenyewe." Ndiyo kusema hakukosa ujuzi. Aliiamini kazi yake, na alikuamini wewe. Mikono yake haijamdanganya, umemdanganya wewe, Jumamosi tisa, huku umekaa ubavuni mwake.

Upweke wako naujua kwa barua ninazopokea. Wengine hujifanya wagonjwa ili daktari awaguse. Wewe umelitia gari ugonjwa. Nakuhurumia, na bado nakuambia umefanya jambo baya, kwa maana mtu wa rika lako akiaminishwa kwamba ujuzi wa maisha yake umemtoka, ataanza kukaa nyumbani. Nani akuambie wewe mtu anayekaa nyumbani anakuwaje?

Gazeti hili linatoka leo Ijumaa. Jioni hii, injini ikiwa baridi, hakikisha mfuniko mzima ndio uliofungwa, na ule mbovu utie mfukoni. Kesho acha gari nyumbani, uende kwa miguu. Nenda mapema kabla wateja hawajajaa. Usianze na habari za magoti, wala usiulize chai. Mpe mfuniko mkononi kama alivyokupa yeye, umwambie: huu nimekuwa nikiurudisha kila Ijumaa ili nipate sababu ya kuja. Hayo yanatosha. Usilie, usimtaje marehemu, usimfanye yeye akubembeleze wewe.

Kisha mhesabie mara zote ambazo mshale uligusa alama nyekundu, bila kupunguza hata moja. Injini iliyochemshwa mara tisa inaweza kuwa imeumia kweli. Kama itabidi silinda hedi ifunguliwe, gharama ni yako, pamoja na ya pampu aliyoibadilisha bure. Na mwenye lori umtafute wewe, umwambie kwa kinywa chako ni nini kilichokuwa kinachemsha birika. Aibu ilimpata mwenzako mbele ya watu, nawe ukiwa umekaa pale pale.

Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, ondoka. Ana haki hiyo, na mimi sitakuahidi kwamba atacheka. Katikati ya wiki mpigie binti yako, usingoje Jumapili, na akikuuliza kama umekula, mwambie ulikula peke yako.

Lakini kuna kitu katika barua yako ambacho nadhani wewe mwenyewe hukukiona. Siku mwenye lori alipoondoka, karakana ilikuwa na watu wengine. Aliyeaibishwa alifuta mikono, akachagua pa kukaa, akaja kukaa kwako. Siku hiyo gari lako lilikuwa limeshamshinda. Hakuja kwa ajili ya gari.

Kwa hiyo kesho nenda na mfuniko. Jumamosi ya pili nenda tena, kwa miguu, mikono mitupu, usimame pale mlangoni usalimu. Asipokujibu, rudi nyumbani. Akisogea kwenye benchi, kaa.